Alichagua Spoti

Kofi la kwanza la kisa hiki halikumpata mtu. Lilitua kwenye boneti, paa!, na duka zima la magari la pale Barabara ya Khurais likanyamaza. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, alasiri. Riyadh nzima ilikuwa imekuja kununua gari kabla ya Idi, matumbo matupu, midomo mikavu, hasira ziko puani. Na mwenye hasira kuliko wote alikuwa huyu aliyepiga boneti, Dahham, jamaa mwenye mabega mapana na akili finyu. Mtanisamehe, lakini ndivyo alivyokuwa.

"Nimesema Kawaida!" alifoka. "Shuka!"

Dada yake Muzna hakushuka. Alikuwa amekaa ndani ya Spoti nyeupe, mikono yake imeshika usukani mnene uliovishwa ngozi. Alivaa baibui la kijivu, raba nyeupe na nikabu nyeusi, na juu ya nikabu kulikuwa na macho makubwa yenye wanja hafifu, yakimtazama kaka mtu bila kupepesa. Alikuwa mfamasia wa hospitali, na fedha zilikuwa zake.

Gari lenyewe ni lile lile, sedani ya kifahari, ila limetengenezwa kwa namna mbili. Kawaida lina viti vipana vya rangi ya maziwa, mbao zinazong'aa mbele ya dereva, na springi laini, ukipita tuta husikii. Spoti lina viti vyekundu vinavyokubana mbavu, rimu nyeusi, springi ngumu, na mngurumo unaomgeuza hata mtu mwenye adabu zake.

"Nalipa mimi, Dahham," alisema Muzna.

"Na jina la baba unalilipia wewe? Mtoto wa kike ndani ya Spoti! Unataka kwenda kushindana na wahuni barabarani?"

"Nataka kwenda kazini na kurudi."

"Basi Kawaida litakufikisha."

Hapo ndipo mtu wa tatu akajitia. Alikuwa amesimama kando ya Kawaida lililokuwa jirani, kijana mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa, kitambaa chekundu cha shumaghi kichwani, ananukia udi. Anaitwa Turad. Ni mhandisi wa umeme na ana ulimi usiojua kukaa ndani.

"Samahani wakubwa," alisema. "Mimi nimemfuatia mama yangu hili Kawaida. Mama ana miaka sabini na magoti mabovu. Kama dada naye anachukua hili, basi nitawakutanisha, waanzishe chama chao cha wagonjwa wa magoti."

Watu walicheka. Muzna naye alicheka, na Turad akayaona macho yale yakicheka. Lo! Siku yake ikaishia hapo.

Dahham alimkaba kanzu. "Umeulizwa?"

"Sijaulizwa, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Rudia tena nikung'oe meno."

"Jamani, swaumu zenu!" Muuzaji alijipenyeza katikati yao, jasho linamtoka. "Ndugu zangu, swaumu zenu!"

Waliachanishwa. Muzna alishuka kwenye Spoti na kusaini Kawaida. Muuzaji akamgeukia Turad kumuuliza jina na namba yake ya simu, na Turad akataja jina, kisha namba kwa sauti kubwa, tarakimu moja moja, kama anafundisha darasa la kwanza.

"Nimeshaandika, bwana."

"Hapana, andika tena. Isije ikakosewa." Akairudia, macho yako darini, haangalii mtu. Kisha akairudia mara ya tatu.

Dahham hakuelewa kitu. Lakini mwenzenu Muzna, aliyezoea kukariri majina ya dawa yanayovunja ulimi, aliondoka na ile namba kichwani.

Baada ya futari simu ya Turad ililia.

"Haloo?"

"Mama yako magoti hayajambo?"

Kwa mshtuko Turad aliketi juu ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa chini, kwenye sahani za watu. Dada zake wakapiga kelele.

"Hayajambo," alisema. "Na wewe yako?"

"Yangu mazima. Nimelazimishwa kununua gari la wagonjwa tu."

"Ungemng'ang'ania."

"Dahham? Dahham hang'ang'aniwi, anapiga. Usimwone vile, leo alikuwa na swaumu."

"Na Spoti ulilipendea nini hasa? Kelele?"

"Wee! Kelele za nini? Maisha yangu yote nimekaa kiti cha nyuma, Turad. Kile kiti kilivyonibana nikasema, haya, hapa ndipo mahali pangu, hakuna wa kunisogeza."

"Basi ni pako," alisema Turad bila utani. Muzna alilipenda jibu hilo.

Tangu siku ile simu hazikuisha. "Umekula, macho yangu?" "Nimekula, usinilee." "Nani akulee, nakuchunga usije ukakonda nikashindwa kukutambua." "Tangu lini unanitambua kwa unene, mchokozi wee?" Ndiyo mapenzi yao yalivyokuwa, kuchokozana asubuhi mpaka jioni. Waliafikiana kwamba baada ya Hija ami yake Turad, mzee Sattam, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba mtu afariki, angekwenda kuposa.

Hawakufika huko.

Ilikuwa saa ya magharibi, kwenye mkahawa mmoja wa barabarani ambako unanunulia kahawa dirishani bila kushuka. Magari mawili meupe, Kawaida na Kawaida, yaliegeshwa ubavu kwa ubavu. Muzna ndani ya lake, Turad ndani ya la mama yake, vioo chini, wanaongea. Basi, hicho tu. Hata mikono haikugusana.

Dahham alikuwa amemfuata dada yake tangu hospitali. Alishuka bila neno, akavua igali, ile kamba nyeusi nzito inayobana shumaghi kichwani, akamcharaza nayo Turad usoni kupitia dirishani. Mara ya kwanza jicho. Mara ya pili mdomo. Damu ikaruka kwenye viti vya rangi ya maziwa.

"Dahham, muache!" Muzna alipiga yowe.

Dahham akamgeukia. Alifungua buti ya gari lake, akatoa spana ya tairi, akakivunja kioo cha mbele cha gari la Muzna, vipande vikamwagika mapajani mwa dada yake. Akainua tena. Hapo Turad akafungua mlango. Alikuwa amevumilia igali, lakini spana juu ya kichwa cha Muzna hakuivumilia. Alimpiga Dahham ngumi moja chini ya sikio, na wote waliokuwa kwenye foleni wakasikia taya linavyovunjika. Kisha, na hili ndilo lililoharibu mambo, akampiga ya pili alipokuwa tayari yuko chini.

Damu ikaingia kati ya nyumba mbili. Wazee waliwahi kabla bunduki hazijatoka kabatini, wakaomba amani ya muda, wakapewa. Dahham akafungwa taya kwa nyaya. Na jioni aliyorudi kutoka hospitali, akiwa hawezi kutafuna hata tende, aliweza kumpiga Muzna kwa mkanda mpaka mama yao akajilaza juu ya binti yake. Simu ikachukuliwa, ufunguo wa gari ukachukuliwa, mlango ukafungwa.

Huku kwetu mtu akivunjwa hivyo, waliovunja huenda na gari. Ndiyo, gari, jipya, linaegeshwa mbele ya nyumba ya aliyeumizwa, ufunguo ndani yake. Ni kuomba radhi mbele ya watu. Basi mzee Sattam alikaa na wazee wa upande wa pili, akarudi, akamuita Turad.

"Wanataka sedani ya aina ile ile mliyogombania dukani," alisema, huku akichezea tasbihi. "Tuwapelekee Kawaida au Spo..."

"Spoti!" Turad alidakia. "Ami, Spoti. Nyeupe, viti vyekundu."

"Una hakika? Wameridhika na Kawaida."

"Spoti, ami. Nisione haya mbele yao."

Sattam alimtazama kidogo, akasema sawa. Mzee alikuwa amechoka na mambo ya kijana huyu, na lililobaki hakulisema.

Siku ya kwenda, nyumbani kwa akina Muzna kulijaa moshi wa ubani na harufu ya iliki. Mama yake, Umm Dahham, alimpelekea bintiye chai chumbani, akakaa kitandani, akaanza kulia.

"Mama, unalia nini? Si wanakuja kupatana?"

"Wanapatana, mwanangu. Lakini wewe ndiyo basi." Alijifuta na upindo wa shela. "Wazee waliweka mambo mawili. Wakileta Kawaida, ni la taya la kaka yako tu, mengine yabaki kama yalivyo, Mungu akipenda. Wakileta Spoti, ni la kila kitu. La taya, la aibu na la wewe. Baba yako akishalipokea, huyo kijana hakutaji tena mpaka anakufa."

"Na wanaleta lipi?"

"Spoti. Tena wanasema amechagua mwenyewe, mpaka rangi ya viti."

Muzna aliweka kikombe chini. "Nipe simu yako, mama."

Turad alikuwa njiani, msafara mzima uko mbele na nyuma yake, yeye anaendesha lile gari lenyewe. Alipoisikia ile sauti nusura apande ukingo.

"Muzna! Roho yangu! Wamekuumiza? Ni simu ya nani hii?"

"Unaendesha nini, Turad?"

"Kisia!" Alikuwa anacheka, maskini. "Nyeupe. Viti vinabana mbavu."

"Ulichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ami hata hajamaliza kuniuliza nikasema Spoti. Nilikuwa nakufikiria wewe, wallahi."

"Ulinifikiria. Hongera." Na hapo sauti yake ikapasuka. Alimwambia yote aliyoyasema mama yake, neno kwa neno, bila kupumua. "Umenilipia, Turad! Umeniongezea bei ili nifungwe vizuri!"

"Sikuambiwa! Naapa kwa Mungu, Muzna, sikuambiwa!"

"Uliuliza?"

"Mimi nilidhani..."

"Mtu anakuuliza jambo langu mimi, wewe unajibu kabla hajamaliza. Tofauti yako na Dahham ni nini? Yeye anatumia mkanda, wewe unatumia viti vyekundu!"

"Nisikilize, uhai wangu..."

Simu ilishakatwa. Na msafara ulikuwa unakunja kona ya mtaa wao.

Wanaume waliketi kwenye sebule ya wageni, wamejipanga ukutani kwenye mazulia. Baba yake Muzna, mwenyewe wanamwita Abu Dahham, mzee mkavu mwenye ndevu nyeupe, alikaa mwisho wa chumba. Mkono wake wa kulia alikaa Dahham, taya limefungwa, macho yanawaka. Kahawa ikamiminwa. Kila mgeni akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa, kwa sababu mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba akubali.

"Abu Dahham," mzee Sattam alianza, "mkono wa mwanetu ulivuka mpaka. Tumekuja na haki yenu. Iko nje, na ufunguo wake uko ndani yake."

Abu Dahham alifumbua mdomo ili ajibu.

"Usipokee!" Turad alikuwa amesimama.

Chumba kizima kikavuta pumzi. Sattam alimvuta kanzu. "Kaa chini! Umerukwa na akili?"

"Ami, uliniuliza gari. Hukuniambia ninauza nini." Alimgeukia mwenye nyumba. "Baba yangu, taya la mwanao ni deni langu, sikatai. Nilimpiga akiwa chini, na hiyo ni aibu yangu mimi. Lakini Muzna hayumo kwenye hili gari. Silitoi." Kisha akaenda mpaka mbele ya Dahham, akavua igali yake, akaitupa chini, akaweka mikono nyuma. "Inuka. Jilipe. Sitanyanyua mkono."

Dahham hakungoja kubembelezwa. Ngumi ya kwanza ilimpata Turad mdomoni. Ya pili mdomoni tena. Jino likaanguka kwenye zulia, na jingine likafuata. Alipigwa tumboni, akakunjika, akanyooka, akapigwa tena. Wanaume waliinuka kuwaamua, vikombe vinamwagika, makelele, mtu anaita jina la Mtume, na katikati ya vurugu hiyo nje kukasikika mngurumo.

Wote waliujua. Ni Spoti.

Muzna alikuwa ametokea mlango wa jikoni. Haya ya ndani hakuyaona wala kuyasikia. Alikaa kwenye kile kiti chekundu, akafunga mkanda, akarudi nyuma mpaka mwisho wa uchochoro, akakanyaga. Nguzo ya geti la baba yake ni zege tupu. Gari liliibamiza kwa nguvu zake zote, boneti ikapanda mpaka kwenye kioo, rejeta ikapasuka, mvuke ukatanda mtaa mzima.

Wanaume wakamiminika nje. Mlango wa dereva ulifunguka kwa shida, na Muzna akatoka, mkono wa kushoto unaning'inia vibaya, pua inavuja damu, nikabu imechanwa na mfuko wa hewa uliofumuka usukanini na uso wote uko wazi. Wale wazee wakageuza nyuso zao ukutani, wote kwa pamoja. Turad peke yake alisahau kugeuka.

"Baba," Muzna alisema, anahema, "kama umeshauza, umeuziwa hili."

"Mwendawazimu!" Dahham alinguruma kwa meno yaliyofungwa. "Ameliharibu gari letu!"

Abu Dahham aliligeukia lile gari, akaligeukia na zulia la sebuleni lenye damu lililoonekana mlangoni, akamtazama mwanawe.

"Letu?" alisema. "Ulinisikia nikisema nimepokea?"

"Baba, wazee walikubaliana!"

"Nilikubali kwa hasira, na nilikosea. Taya lako limelipwa ndani mle, nimeona kwa macho yangu, na mtu hakunyanyua mkono. Wewe nani amekufundisha kumpiga dada yako kwa mkanda? Nilijua nikanyamaza, na hilo Mungu ananiuliza." Akawageukia wageni. "Chukueni gari lenu. Hapa si dukani. Tumesamehe."

Mzee Sattam alikohoa, uso bado uko ukutani, aibu imemjaa. "Abu Dahham, vikombe vyetu viko chini bado. Tuna haja nyingine, kama utatusikia."

"Mtoto anavuja damu nawe unaniletea posa!" Abu Dahham alifoka. "Rudini ndani mkae! Umm Dahham, chukua baibui lako! Na wewe kijana, gari la Muzna liko uani, limeshatiwa kioo kipya. Dahham, mpe ufunguo. Mpe, nimesema! Kijana, wapeleke hospitali. Mama yake atakaa nyuma yako, na ukimtazama binti yangu badala ya barabara, atakukaba yeye."

Basi wakaenda. Turad anaendesha, kanzu yake damu tupu. Muzna pembeni yake, mkono umefungwa na shela la mama, uso umefunikwa upya. Umm Dahham nyuma, anasoma dua kwa sauti.

"Meno yako yako wapi?" Muzna aliuliza mwishowe.

"Kwenye zulia lenu."

"Dahham?"

"Nilimwambia ajilipe."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia baba yako asilipokee gari. Ikabidi nilipe kwa kitu kingine."

Muzna alimgeukia polepole, maumivu yakimkunja. "Kabla sijagonga au baada?"

"Kabla."

"Ni kweli," Umm Dahham alidakia kutoka nyuma. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Alisema kabla. Angalia barabara, wewe!"

Muzna alikuwa analia, na hakutaka kuonekana analia, akageukia dirishani.

"Turad, sitasahau ile Spoti."

"Najua."

"Siku nyingine wakikuuliza jambo langu, utasema nini?"

"Nitasema subirini, nikamuulize mwenyewe."

"Hata akikuuliza ami yako?"

"Hata akiniuliza mfalme."

Simu ya Umm Dahham ikalia. Aliitazama, akaiweka kwenye sikio la binti yake. Alikuwa baba mtu, na nyuma yake kulikuwa kimya, kimya cha wanaume wengi waliokaa.

"Muzna. Wageni wamekaa, wamemiminiwa upya, hakuna anayegusa. Hii kahawa inapoa, mwanangu. Niwaambie nini?"

Muzna alifumba macho.

"Waambie wanywe, baba."